Hisa iliyoporomoka si mtumba wa jioni

Kijiwe kilikuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya zamu za usiku, na mtu akitoka zamu ya usiku anawaza kitanda tu. Mimi mzima, Newcastle iko pale pale kaskazini-mashariki mwa Uingereza, baridi ndiyo hiyo hiyo mnayoisikia, na kazi ya unesi inaendelea. Wengine ughaibuni wanabeba maboksi, sisi tunabeba wagonjwa. Hakuna anayeokota pauni barabarani, na hilo naomba mlikumbuke mnapoendelea kusoma.

Leo sina stori za theluji. Leo tuongee pesa.

Wale mliomo kwenye kundi la ukoo mnajua kilichotokea. Kwa wengine, ni hivi. Tunachanga fedha za kumalizia nyumba ya mama kule Moshi, na hadi sasa kuna milioni sita na ushee benki. Mdogo wangu (anajijua, na ameniruhusu nilisemee hapa) akaja na wazo kwamba fedha hizo "zinalala tu". Ameona kwenye simu yake hisa za kampuni moja ya nje inayokopesha watu fedha za kununua nyumba. Zamani hisa moja ilikuwa inauzwa mara kumi ya bei ya leo. Hoja yake ni kwamba imeshuka mno, haiwezi kushuka zaidi, lazima itarudi, na ikirudi nusu tu ya ilikokuwa tunapaua, tunapiga plasta, na chenji inabaki. Wajomba wawili wakaunga mkono. Shangazi akauliza hisa ni mdudu gani. Mama hakusema kitu. Halafu wote wakasema, tumuulize dada wa Ulaya.

Haya, dada wa Ulaya anajibu, na jibu lake ni HAPANA. Nimeamua kuliandika hapa kwa kirefu kwa sababu kwenye kundi ujumbe ukizidi mistari mitano hausomwi. Kampuni yenyewe siitaji jina, sina ugomvi nayo na huenda ni nzuri. Ninachopinga ni ile hoja ya "imeshuka, itarudi". Naipinga nikiwa nimekaa kwenye mji ambao watu wazima, wenye akili zao, waliiamini hoja hiyo hiyo juu ya kampuni ya aina hiyo hiyo, wakaenda nayo hadi sifuri.

Kwanza nimjibu shangazi. Shangazi, hisa ni kipande cha umiliki. Ukinunua hisa ya kampuni wewe ni mmoja wa wenye duka, hata kama duka lina wenyewe laki moja na wewe umeshika tofali moja. Duka likipata faida mnaweza kugawana, na mgawo huo unaitwa gawio. Kipande chako pia unaweza kumuuzia mwingine sokoni, kwa bei ambayo yeye siku hiyo yuko tayari kulipa. Ukiweka fedha benki kwenye akaunti, hapo wewe si mwenye duka, wewe unaidai benki. Shika hapo shangazi, maana tofauti ya mwenye duka na anayelidai duka ndiyo habari yote ya leo.

Sasa twende kwenye mji wangu huu. Hapa Newcastle kulikuwa na benki inaitwa Northern Rock. Ilianza kama chama cha kuweka akiba na kukopeshana fedha za nyumba, chenu kwa chenu, kama SACCOS zetu ila kubwa. Mwaka 1997 ikaacha kuwa chama, ikawa kampuni na kuingia soko la hisa la London. Wanachama wake wakapewa hisa bure, 500 kwa mtu. Fikirieni, mtu hajawahi kununua hisa maishani, wala hakuwa na mpango huo, anaamka asubuhi ni mwanahisa. Wazee wengi wa hapa ndivyo walivyoingia kwenye mambo haya. Benki ikawa fahari ya mkoa, jina lake likakaa kifuani kwenye jezi za Newcastle United, na sehemu ya faida yake ikaenda kwenye mfuko wa misaada uliosaidia watu wengi wa eneo hili. Bei ya hisa ikapanda mwaka hadi mwaka, na Februari 2007 hisa moja ilifika zaidi ya pauni 12. Zile 500 za bure zikawa na thamani ya zaidi ya pauni elfu sita.

Benki ilikuaje haraka hivyo? Ilikopesha sana. Ilikuwa na mkopo wake maarufu ambao uliweza kufika asilimia 125 ya bei ya nyumba, yaani nyumba ya pauni laki moja unapewa laki moja na elfu ishirini na tano, unanunua nyumba na chenji ya makochi inabaki. Na fedha za kukopesha ilizitoa wapi? Kiasi cha robo tu ndicho kilichotoka kwa watu wa kawaida walioweka akiba. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilikopa kwa mabenki na matajiri wa dunia, na mikopo mingine ilikuwa ya muda mfupi. Yaani ni kama mimi nikope kwa jirani fedha ya wiki mbili, nimkopeshe mtu mwingine kwa miaka 25, na kila baada ya wiki mbili nitafute jirani mwingine wa kunikopesha nimlipe yule wa kwanza. Majirani wakiwa na imani maisha ni matamu. Siku wakifunga milango, umekwisha, hata kama uliyemkopesha analipa vizuri kila mwezi.

Milango ilifungwa Agosti 2007. Kule Marekani watu waliokopeshwa fedha za nyumba bila uwezo walikuwa wameanza kushindwa kulipa, na mabenki duniani yakaacha kuaminiana. Northern Rock ikakosa jirani wa kumkopa. Usiku wa tarehe 13 Septemba 2007 BBC ikatangaza kwamba benki hiyo imeomba msaada wa dharura Benki Kuu. Kulipokucha foleni zikaanza, wazee na viti vyao vya kukunja, kila mtu anataka akiba yake. Kitu hicho Waingereza walikuwa hawajakiona kwa zaidi ya miaka mia moja. Siku hiyo moja hisa ilishuka kutoka pauni 6 na peni 39 hadi pauni 4 na peni 38. Jumatatu ya tarehe 17 ikafika chini ya pauni 3. Jioni yake waziri wa fedha, Alistair Darling, akatangaza kwamba serikali inadhamini akiba zote za benki hiyo, na foleni zikaisha.

Hapa ndipo nataka mdogo wangu asome taratibu, maana kisa chenyewe ndiyo kwanza kinaanza. Watu waliokaa foleni walichekwa. Waliitwa waoga, washamba, hawaelewi mambo ya fedha. Wakati huo huo kuna kundi jingine lilijiona ndilo lenye akili. Hao ndio waliosema: subiri, hisa ilikuwa pauni 12 mwezi Februari, leo ni pauni 2, benki ina nyumba zimeiwekea rehani nchi nzima, serikali imeshasema haitaiacha ife, hii ni bei ya kutupa! Wakanunua. Na hawakuwa peke yao. Mifuko miwili mikubwa ya uwekezaji, SRM Global na RAB Capital, nayo ilinunua hisa nyingi, na watu wadogo wakasema kama wakubwa wananunua basi kuna kitu wanakijua.

Nina jirani hapa, mzee mstaafu, tunaongea akiwa anamwagilia maua yake. Alikuwa na zile hisa 500 za bure za mwaka 1997. Ijumaa ile ya foleni aliongeza nyingine 500. Zilipofika pauni 2 akachukua 1,000. Zilipofika pauni 1 akachukua 2,000. Maelezo yake ni kwamba kila akinunua kwa bei ya chini, wastani wa bei aliyolipa unashuka, kwa hiyo hisa ikipanda kidogo tu anarudisha zake. Hesabu ni sahihi kabisa, hakuna mwalimu atakayemkosesha. Lakini jumlisheni: pauni 2,190, na 2,000, na 2,000, ni pauni 6,190 za mkononi kwake, za kiinua mgongo, mbali na zile za bure. Kila bei ilipoanguka yeye aliona punguzo.

Ndiyo maana nimeandika mtumba pale juu. Ukienda Memorial pale Moshi asubuhi shati ni elfu kumi, ukirudi jioni muuzaji amechoka, anakuachia kwa elfu tatu. Umepata bei poa kweli, kwa sababu shati ni lile lile. Kola ni ile ile na vifungo ni vile vile. Hisa si shati. Bei ya hisa inaposhuka hivyo, mara nyingi ni kwa sababu shati lenyewe linayeyuka pale kwenye meza. Unayelinunua jioni kwa elfu tatu unaweza kufika nyumbani na hanga tupu.

Niwape na mfano wa kazini kwangu. Mgonjwa akiwa na presha ya 120 asubuhi, mchana ikawa 70, hakuna nesi anayesema "imeshuka sana, sasa itapanda tu". Unauliza damu inavuja wapi! Presha ya chini haina kamba inayoivuta juu. Na usipojua inavuja wapi, kusema itapanda ni dua, na dua ni nzuri lakini haiandikwi kwenye faili kama tiba.

Kampuni inayokopesha fedha za nyumba inavuja kwa namna yake, na inafaa muijue. Chukulia katika kila shilingi 100 ilizokopesha, shilingi 4 tu ni za wenye hisa, na 96 ni za watu wengine walioiweka au kuikopesha. Huo ni mfano wangu, lakini mabenki mengi hayako mbali sana na hapo. Mambo yakiwa mazuri wenye hisa wanakula faida ya shilingi 100 wakati wameweka 4, na ndiyo maana hisa zinapaa. Mambo yakiharibika kidogo tu, shilingi 4 katika 100 zikapotea, wale 96 bado hawajaguswa ila wenye hisa wameisha. Hawajapungukiwa nusu wala robo, wameisha. Hasara ambayo kwa duka la kawaida ni mafua, kwa benki ni msiba wa wenye hisa. Na kwa Northern Rock wala haikuhitajika mikopo iharibike. Wengi wa waliokopeshwa walikuwa wanalipa. Kilichokosekana ni fedha ya leo ya kumlipa anayedai leo.

Sasa serikali. Wengi walioshika hisa zile walitegemea serikali, kama mdogo wangu anavyosema "benki kubwa haiachwi ife". Ni kweli haikuachwa. Lakini kuokoa benki ni kitu kimoja na kuokoa wenye benki ni kingine. Benki Kuu na hazina zilimwaga mabilioni ya pauni. Wakaja wanunuzi, kikiwemo kikundi cha Virgin cha Richard Branson, mazungumzo yakaenda miezi. Hisa zikawa zinacheza kwa kila tetesi. Waziri akisema hivi zinapanda, gazeti likiandika vile zinashuka. Januari 2008 kuna siku moja ziliruka kwa zaidi ya theluthi. Mwenye kubahatisha siku hizo hakuwa anasoma mahesabu ya benki, alikuwa anasoma uso wa waziri. Huo si uwekezaji ndugu zangu, huko ni kubeti, tofauti yake na mkeka wa mpira ni kwamba mpira una dakika 90 na unamwona refa.

Jumapili, tarehe 17 Februari 2008, Alistair Darling akatangaza kwamba benki inataifishwa. Jumatatu hisa hazikuuzwa tena, zikiwa zimesimama kwenye peni 90. Jirani yangu akafikiri atalipwa angalau hizo peni 90. Sheria ilisema atateuliwa mthamini, na mthamini huyo akadirie thamani kana kwamba benki haina msaada wowote wa serikali na haiwezi kuendelea na biashara. Unaweza kukisia jibu. Mthamini alisema thamani ni sifuri. Hawakupewa hata senti ya pole. Wenye hisa walikwenda Mahakama Kuu wakashindwa, wakakata rufaa wakashindwa, wakafika hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg, na mwaka 2012 nayo ikawakatalia. Walikuwa kiasi cha watu wadogo 150,000, pamoja na ile mifuko mikubwa niliyoitaja. Wakubwa nao walipigwa. Kumbe hawakuwa wanajua kitu.

Na walioweka akiba? Hawakupoteza hata peni moja. Si aliyekaa foleni, si aliyebaki nyumbani na chai yake. "Mshamba" alirudi na fedha zake zote, "mjanja" akarudi na karatasi.

Nisiwe mwonevu, wenye hisa wana neno lao na mimi naliona lina uzito. Wanasema mikopo ya nyumba ya benki ile iliendelea kulipwa, serikali ilirudishiwa mikopo yake miaka ya baadaye, na sehemu nzuri ya benki iliuzwa kwa Virgin Money, mauzo yaliyotangazwa Novemba 2011 kwa pauni milioni 747. Sasa sifuri ilitoka wapi? Jirani yangu hadi leo anasema aliporwa na serikali yake. Inawezekana uthamini ule ulikuwa mkali mno kwa watu wadogo. Lakini hilo ndilo linalonitisha zaidi. Unaweza kuwa sahihi kuhusu mali ya kampuni na bado ukapoteza kila kitu, kwa sababu ikifika siku ya mwisho mwenye hisa yuko mwisho wa foleni. Wanalipwa wenye akiba, wanalipwa wakopeshaji, wanalipwa wanasheria, na aliyesimama nyuma kabisa ni mwenye duka. Akifika dirishani, dirisha limefungwa, na hata kama ndani kuna kitu, si yeye anayeshika ufunguo.

Kuna anayesema hiyo ni benki moja, bahati mbaya. Kabla mwaka haujaisha ikarudiwa. Bradford & Bingley, nayo ni kampuni ya mikopo ya nyumba iliyozaliwa kwenye vyama kama vile, kiangazi cha 2008 iliwaomba wanahisa waongeze fedha, hisa mpya kwa peni 55. Tarehe 29 Septemba 2008 nayo ikataifishwa. Mthamini wake naye alisema sifuri. Kisa cha Northern Rock kilikuwa bado cha moto kwenye magazeti, na bado kuna watu walisema hii ni tofauti, imeshuka mno, itarudi.

Na mnisikilize vizuri, sisemi hakuna aliyepata. Aliyenunua Northern Rock asubuhi ile ya Januari na kuuza jioni alipata fedha nzuri. Ziko pia kampuni zilizoporomoka zikasimama tena, ningesema hazipo ningekuwa mwongo. Lakini aliyepata anasimulia harusini, aliyepoteza ananyamaza, ndiyo maana stori tunazosikia ni za upande mmoja. Katika mtaa wangu huu watu wa kizazi kile wengi walikuwa na hizo hisa, na ni mmoja tu aliyeniambia, tena baada ya miaka mingapi ya kusalimiana.

Wala sipingi hisa, jamani. Nyumbani NMB ilipouza hisa kwa umma mwaka 2008 bei ilikuwa shilingi 600, na mwaka 2024 zilikuwa zimepita 5,000, mbali na gawio. Aliyenunua na kutulia alifanya jambo la maana. Lakini tazameni alinunua nini: benki iliyokuwa inapata faida, kwa fedha ambayo hakuihitaji kesho, akasubiri miaka. Hakununua kitu kilichoanguka kwa sababu tu kimeanguka. Na hapo hapo nyumbani, Januari 2018, Benki Kuu ya Tanzania ilifunga benki ndogo tano kwa mpigo kwa sababu ya mitaji kutotosha. Mwenye amana ana Bodi ya Bima ya Amana ya kumkimbilia, hadi kiwango kilichowekwa. Mwenye hisa hana bodi. Hilo la foleni si la Wazungu tu.

Kwa hiyo mdogo wangu, sikukatazi. Fedha yako ya mfukoni, ile ambayo ungeweza kuipeleka kwenye mkeka wa Jumamosi na usilale njaa, nunua hisa hizo ukipenda, na ukipata utaninunulia soda. Ila kabla hujabonyeza hiyo simu nataka ujibu mambo matatu kwa maandishi. Kampuni hiyo inakopa kwa nani, na kwa muda gani? Imeshuka kwa sababu gani hasa? Si "soko tu", nataka kujua damu inavuja wapi. Na serikali ya nchi ile ikiamka Jumapili moja ikaichukua, wewe sheria inakuweka wapi kwenye foleni? Ukinijibu yote matatu vizuri nitakuvulia kofia. Ukishindwa hata moja basi unajua unachokifanya kinaitwaje.

Lakini milioni sita za mama si fedha yako, na wala si yangu. Ni za shangazi anayeuza ndizi, ni za binamu wa Arusha aliyeuza pikipiki, na ndiyo, ni za zamu zangu za usiku pia. Mama ana miaka sabini na moja. Fedha ya kungoja miaka kumi hisa irudi yeye hana, ana fedha ya mvua ya masika ijayo. Mnasema inalala benki. Ni kweli inalala, na vitu vinapanda bei, kwa hiyo hapo nakubaliana na mdogo wangu kwamba isilale. Dawa yake si kuipeleka London wala New York. Dawa yake ni kwenda dukani wiki hii kununua bati na mbao na kumlipa fundi nusu. Bati likishapigwa misumari juu ya nyumba ya mama halishuki thamani kwa tangazo la waziri Jumapili mchana.

Wajomba zangu, nawaheshimu sana na ninyi ndio wazee wetu. Nimewasikia mkisema kijana ana akili za kisasa tumpe nafasi. Mpeni nafasi, asimamie ununuzi wa bati, ana kichwa kizuri cha hesabu na madalali wa vifaa vya ujenzi hawatamweza. Kikao cha ukoo ni mwisho wa mwezi. Sitakuwepo, nitakuwa zamu, lakini kura yangu ndiyo hii hapa, imeandikwa, na shangazi naomba uisome kwa sauti mbele ya wote, hasa ile sehemu ya hanga tupu.

Mwenye maoni tofauti aseme, hapa sikasiriki. Wa Dar, wa Nairobi, wa Muscat, mliowahi kununua hisa ikiwa inashuka, tuambieni ilikuwaje, mliopata na mliopoteza.

Naomba kutoa hoja. Msalimieni mama, mwambieni mabati achague rangi mwenyewe.

Wasalaam,
Dada yenu, Newcastle